Mshale Kwanza

Mwalimu wa jiografia alipostaafu, shule ilimpa saa ya ukutani, na yeye akajipa kiwanja. Kiwanja chenyewe kilikuwa nusu ekari ya pori, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, hakina maji wala choo, lakini Mwalimu alikiita "mahali petu pa mapumziko" kwa sauti ileile aliyokuwa akitajia milima mirefu ya dunia.

Aliyehitaji mapumziko hasa alikuwa mkewe. Huyu alikuwa fundi wa kushona, cherehani yake iko sebuleni, kwa hiyo nyumba ile haikujua sikukuu. Watu walibisha hodi Jumapili asubuhi na suruali za kupunguza. Miaka ishirini na tisa mumewe alimwahidi mahali pa kukaa ambapo hatafuatwa na mtu mwenye zipu iliyokufa. Kiwanja kiliponunuliwa, mama wa watu alijinunulia kiti cha kukunja, akakiegesha nyuma ya mlango, akangoja siku ya kukikalia.

Dalali alitaka kuwaonyesha mipaka. Mwalimu akamkatiza.

"Nipe mchoro tu, kijana. Nimefundisha kusoma ramani miaka thelathini na mbili."

Na kweli alifundisha. Wanafunzi walimpachika jina la Mshale, maana kila kipindi alikianza kwa kugonga ubao: "Mshale kwanza! Asiyetazama mshale wa kaskazini hana ramani, ana karatasi." Aliwahi kumnyima mtoto alama zote kumi kwa kosa hilo, na mzazi alipokuja kulalamika, akafundishwa na yeye.

Mchoro ulionyesha njia katikati na viwanja viwili vinavyotazamana, kimoja juu ya njia, kimoja chini. Chao kilikuwa cha juu. Jumamosi ya kwanza, wamesimama njiani, mkewe alichungulia ile karatasi.

"Baba watoto, mbona huu mshale umeelekea chini?"

"Mama watoto, kaskazini iko juu. Imekuwa juu tangu dunia iumbwe. Wewe nishikie chupa ya maji."

Mama akashika chupa, na mumewe akaingia pori la upande wa kaskazini.

Alivaa buti mpya za mpira na kofia pana kama ungo. Panga lake, la duka la mjini, lilikuwa na ala ya kupendeza na makali ya kijiko. Saa nne haijafika, upupu ukamkaribisha. Alijikuna mbele, akajikuna nyuma, akavua shati, akajipaka udongo kwa ushauri aliousoma kwenye simu, akarudi mjini ana rangi mbili. Picha aliyotuma kwenye kundi la familia ilikuwa ya kabla ya upupu, na chini yake aliandika: "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Kiti hakikutoka kwenye gari. Mkewe aliambiwa asubiri kwanza pawe pasafi.

Jumamosi ya pili akatokea bibi mmoja mwenye fimbo na kibuyu cha maji. Alisimama njiani akamtazama kwa muda mrefu.

"Umetumwa na mwanangu?"

Mwalimu hakuinua kichwa. Aliamini kwamba kuzoeana na wenyeji ni mwanzo wa kuombwa vitu.

"Sijatumwa na mtu, mama. Nafanya kwa moyo wangu mwenyewe."

Bibi alifikiri kidogo.

"Mungu akubariki," akasema. "Visiki uving'oe, usiviache."

Akaving'oa. Kila Jumamosi bibi alimletea maji, akanyoosha fimbo kuonyesha palipobaki, na Mwalimu akasema moyoni kwamba watu wa shamba bado wana heshima kwa msomi. Mawe ya mpaka aliyakuta yote manne, kila moja kwenye kona yake. Yalikuwa na namba, ila ya nini kusoma namba wakati mchoro unao mfukoni?

"Na ule mti nao," bibi akasema wiki ya nne. "Unaziba jua."

"Lakini si ndio kivuli chenyewe?" mkewe akauliza.

"Kivuli tutapanda," akajibu Mwalimu. Ule mti ulikula Jumamosi mbili, na mgongo wake mpaka leo una habari zake.

Jumamosi ya saba familia ikaalikwa. Shemeji yake, dereva wa lori na mcheshi asiyeombwa, alizunguka kile kiwanja cheupe akiuliza ndege za kutua hapa zitaanza lini. Mke alifungua kiti chake katikati ya jua, akafungua na mwavuli, akakaa.

"Ndio hapa?" akauliza.

"Ndio hapa," akajibu mumewe, akitoa jasho la ushindi.

Dakika kumi hazikuisha. Bibi akaja na mwanawe wa kiume, mtu mzima, amebeba majembe mawili na mfuko wa mbegu.

"Shikamoo mzee," yule mwana akasema, akimshika Mwalimu mkono kwa mikono miwili. "Mama ameniambia yote. Mwaka wa tatu huu namwahidi kumsafishia hapa, kazi zinanibana. Wewe umefanya bure, hata chakula hukuomba! Watu kama nyinyi mmebaki wachache." Akageuka kwa adabu. "Mama, samahani, kiti kisogee kidogo, tuanze mistari ya maharage."

Mwalimu akatoa mchoro, akautandaza juu ya boneti ya gari.

"Kijana, ardhi haibishaniwi. Inasomwa."

Yule mwana akasoma, akarudi nyuma hatua moja kwa heshima. Shemeji akasoma, akaanza kukohoa. Ndipo mke akainuka, akaichukua karatasi pale juu ya boneti, akaigeuza kichwa chini miguu juu, akamkabidhi mumewe.

"Mshale kwanza, Mwalimu."

Hakuwa amemwita Mwalimu tangu walipooana. Aibu ilimpanda mzee wa watu hadi masikioni. Ng'ambo ya njia, upande wa kusini, kiwanja chao kilikuwa kimetulia na miti yake mitatu mikubwa, nyasi za kufika kifuani na upupu wa kutosha ukoo mzima. Mganga hajigangi. Alilivamia panga.

"Nipeni wiki saba tu!"

"Weka chini," mkewe akasema.

Akakunja kiti, akavuka njia, akachagua mti wa upande usio na upupu, akalaza nyasi kwa mguu, akaketi. Kivuli kikamfunika mwili mzima. Kutoka njiani haonekani, na hata mtu mwenye suruali ya kupunguza asingejua aanzie wapi kumtafuta.

"Asiguse mtu hata jani hapa," sauti ikatoka nyasini.

Bibi akasogea ukingoni mwa njia.

"Mwanangu," akaita, "mumeo Jumamosi ijayo ana kazi? Dada yangu ana kiwanja kule bondeni, kikubwa kuliko hiki."

Mwalimu akafungua mdomo, lakini nyasi zikamtangulia.

"Hana kazi, mama. Atakuja. Ila mipaka mwonyesheni kwa kidole."