Bisibisi na Wenzake

Wauguzi ndio waliompa jina la Bisibisi, na jina likamkaa kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Alikuwa fundi wa mashine za hospitali, mwanamke mwembamba mwenye viganja vipana, na bisibisi yake ndogo aliichomeka kwenye nywele nyuma ya sikio, kama watu wengine wanavyochomeka kalamu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya chumba cha kufulia, mahali penye mvuke na kelele, na humo alikuwa peke yake. Mashine ikigoma wodini, muuguzi alifungua dirisha akaita, "Bisibisi weee!" naye akatoka mbio.

Kazi aliipenda. Kilichokuwa kikimla ndani kwa ndani ni kwamba hakuwa na mtu wa kumuuliza. Chumba cha upasuaji kilikuwa na mashine ya kufyonza makohozi iliyomtoa jasho tangu mvua za mwaka uliopita. Leo inafyonza vizuri, kesho inakoroma tu kama mtu aliyeshiba. Hakumwambia yeyote. Aliogopa kwamba wakijua kuna kitu kimemshinda, wataanza kumtilia shaka na katika yale anayoyaweza.

Siku moja Matroni, mkuu wa wauguzi, akamwita ofisini.

"Kuna mkutano wa mafundi wa mashine za hospitali, hotelini, wiki ijayo. Tumepewa nafasi moja. Utakwenda wewe."

"Mimi, Matroni? Nikafanye nini huko?"

"Ukajuane na watu, mwanangu. Juzi nimepita karakana nikakusikia unaiomba msamaha mashine ya oksijeni. Hiyo si dalili nzuri."

Dada yake aliposikia habari hizo nusura apige vigelegele. Huyu dada alikuwa wakala wa bima, mtu ambaye hawezi kupanda lifti ghorofa moja asishuke na namba ya simu ya mwenzake. Alimchapishia mdogo wake kadi za biashara, akamwazima koti lake jeusi na viatu vya kisigino, akamkalisha kitako.

"Sikiliza, mdogo wangu. Ukiingia, macho juu, tafuta wakubwa. Achana na mafundi wenzako, hao hawana la kukupa. Mkubwa akicheka, cheka. Mpe kadi, mwachie tabasamu, hamia kwa mwingine. Usigande kwa mtu mmoja kama kupe."

"Na nikikosa la kusema?"

"Sema unafurahi kukutana naye. Hilo halijawahi kumchosha mtu."

Basi Bisibisi akaenda. Ukumbi ulikuwa mkubwa, umejaa baridi ya viyoyozi na harufu ya manukato ya gharama. Alijikaza, akaanza kugawa kadi meza hadi meza kama mtu anayegawa matangazo ya mganga. "Nafurahi kukutana nawe. Nafurahi kukutana nawe." Watu walipokea bila kumtazama, huku macho yao yakimtafuta mtu mkubwa zaidi nyuma ya bega lake. Mwisho akamfikia bwana mmoja mnene, muuzaji wa mashine, aliyezungukwa na wanaomchekea. Bwana yule aliipokea kadi, akaendelea na kisa chake, na alipoona meza yake inayumba akaikunja ile kadi mara mbili, akainama, akaisokomeza chini ya mguu wa meza. Wala hakukusudia ubaya. Hakuwa ameisoma hata kidogo.

Uso ulimwaka Bisibisi. Alitoka ukumbini taratibu, akiwa na miguu inayouma, akaelekea kwenye varanda ambako chai ilikuwa imeandaliwa. Huko hapakuwa na mtu ila mwanamume mmoja mfupi mwenye kitambi, amepiga magoti, ameingiza kichwa chini ya meza ya chai.

"Umeangusha kitu, kaka?" akamuuliza.

"Sijaangusha. Nina kiu," sauti ikajibu kutoka chini. "Birika lao limezima na mhudumu kaenda kumtafuta fundi. Hoteli nzima imejaa mafundi, na yeye kaenda kumtafuta fundi! Una bisibisi?"

Mkono wa Bisibisi ukapanda wenyewe nyuma ya sikio. Dada yake alikuwa amemkataza kuja nayo, alikuja nayo. Alivua vile viatu, akapiga magoti naye, na wote wawili wakafungua plagi ya birika wakakuta waya umechomoka. Kazi ndogo, ya kuvuta pumzi mbili tatu. Lakini maji yalipoanza kuimba, walipeana mikono kama watu waliovuka mto pamoja.

Yule bwana alikuwa fundi wa hospitali moja ndogo ya mbali, na kwao walimwita Fyuzi kwa sababu alikuwa mwepesi wa kuwaka na mwepesi wa kuzima. Kabla hawajamaliza kumimina, akatokea mama wa makamo mwenye miwani, mhadhiri wa chuo cha ufundi ambaye wote walimwita Mwalimu, aliyetoroka hotuba kwa kisingizio cha kwenda msalani. Wakavuta viti vitatu. Fyuzi, ambaye hakujua kunyamaza, akaanza kusimulia jinsi alivyotengeneza mashine ya kupimia presha ikawa inawaonyesha wagonjwa wote kwamba wamekwisha kufa, daktari mwenyewe akiwemo.

Walicheka mpaka Mwalimu akavua miwani kufuta macho. Na hapo, bila kupanga, Bisibisi akajikuta anasema, "Mimi nina mashine ya kufyonza. Imenishinda. Mwaka mzima sasa, na sijamwambia mtu."

Alingoja wamtazame kwa jicho lile aliloliogopa. Fyuzi akaweka kikombe chini.

"Inafyonza leo, kesho inakoroma?"

"Ndiyo!"

"Mungu wangu, na sisi tunayo! Imenitoa mvi hiyo. Mwalimu, hebu tusaidie sisi mayatima."

Mwalimu alitoa kalamu, akachora pampu kwenye kitambaa cha karatasi, akaanza kuwauliza maswali. Yeye mwenyewe hakuwa na jibu moja kwa moja. Walilitafuta pamoja, huyu akisema nimejaribu hiki, yule akisema mimi sikujaribu, mpaka wote watatu wakaangukia mpira mdogo wa ndani unaonyauka kwa joto. Kikao cha mchana kiliwapita, na hakuna aliyejuta.

"Haya, umepata nini?" dada yake akamuuliza jioni, huku akikagua visigino vya viatu vyake.

"Nimepata watu wawili."

"Wakurugenzi?"

"Fundi na mwalimu."

Dada akashusha pumzi kama mtu aliyesikia taarifa ya msiba. "Wawili. Siku nzima. Wawili!"

Bisibisi aliporudi karakana, alikata mpira mpya kwa vipimo walivyokubaliana, na mashine ikafyonza bila kukoroma tena. Wa kwanza kuambiwa alikuwa Fyuzi. Kisha akakata mpira mwingine, akaufunga vizuri, akamtumia kwa basi, maana kwao Fyuzi hakukuwa na duka la kuuza kitu kama hicho. Hakumwomba chochote. Alijua tu jinsi mtu anavyojisikia akiwa peke yake na mashine inayomcheka.

Wakaendelea hivyo. Mke wa Fyuzi alipojifungua, Bisibisi alipiga simu kumpongeza, akaishia kuongea na huyo shemeji muda mrefu kuliko alivyowahi kuongea na Fyuzi mwenyewe. Mwalimu alimwalika chuoni azungumze na wanafunzi. Alikwenda kwa hofu, na alipoanza kueleza mashine zake akaisahau. Yeye kwa upande wake, akisoma jambo jipya, alimpelekea Mwalimu. Akikuta kifaa kizima ndani ya mashine iliyokufa, alimuuliza Fyuzi kama kinamfaa. Siku nyingine walipigiana simu bila sababu yoyote, kutaniana tu.

Ndipo ikaja ile asubuhi ya umeme.

Umeme ulikatika alfajiri, ukarudi kwa kishindo, na taa za wodi ya watoto njiti, wale wanaozaliwa kabla ya miezi kutimia, zikapasuka mbili kwa mpigo. Wodi ilikuwa na mashine tatu za kuwatunzia watoto joto. Bisibisi alipofika akihema, moja tu ilikuwa inafanya kazi. Mdogo kuliko wote alikuwa amewekwa humo. Wa pili alikuwa kifuani mwa mama yake, ngozi kwa ngozi, amefunikwa blanketi. Wa tatu mama yake alikuwa bado hajazinduka vizuri baada ya upasuaji, kwa hiyo wauguzi walikuwa wamemvua shati baba mtu, dereva wa lori mwenye kifua kama mlango, wakamlaza mtoto hapo. Yule bwana alikaa wima bila kupepesa macho, akiogopa hata kupumua.

Bisibisi alifungua mashine ya kwanza. Kidhibiti joto, ule ubongo wake, kilikuwa kimeungua kikawa cheusi. Ya pili vivyo hivyo. Alimpigia wakala wa mashine hizo, akajibiwa kwamba kifaa kitaagizwa nje, na kikifika kitafika.

Daktari wa watoto alimsubiri mlangoni. "Niambie ukweli. Nitafute gari niwahamishe? Safari ndefu kwa watoto hawa inaniogopesha."

Zamani angesema, ngoja nijaribu, akajifungia na hofu yake. Safari hii alisema, "Peke yangu siwezi, Daktari. Lakini nina watu. Nipe hadi alasiri."

Daktari alimtazama, akatikisa kichwa kukubali. "Alasiri. Gari nitaliweka tayari."

Fyuzi alipokea simu kabla haijaita mara ya pili. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo geni kwake.

"Ninayo mashine kama hizo stoo," akasema. "Kioo chake kilivunjika, haitumiki, lakini ubongo wake mzima. Sasa si mali yangu. Ngoja niende kwa msimamizi wangu."

Akapiga baadaye kidogo, tayari anahema kwa kutembea. "Nimeruhusiwa! Msimamizi kaniuliza, huyo mtu ni nani kwako? Nikamwambia ndiye aliyetutumia ule mpira wa mashine ya kufyonza. Kasema, basi unangoja nini hapa?"

Mwalimu naye aliahirisha kipindi, akachukua vipimo vya maabara ya chuo na kidhibiti kimoja cha kufundishia ambacho, alisema, kinaweza kufaa wakikibembeleza. Alimpokea Fyuzi kituo cha basi. Walipoingia getini, Fyuzi alikuwa amelikumbatia boksi kifuani, na mlinzi alifungua geti bila maswali, akidhani wamebeba kichanga.

Walifanya kazi sakafuni, kwenye korido mbele ya wodi, vichwa vitatu vimegusana. Kidhibiti cha Fyuzi kiliingia kama kimezaliwa humo. Cha Mwalimu kiliwasumbua. Mara mbili kiliwaka na kuzimika, mara moja Fyuzi alikitukana kwa sauti na Matroni akamkemea kutoka ndani. Bisibisi ndiye aliyeona kwamba waya mmoja wa kipimajoto ulikuwa umegeuzwa. Waliugeuza. Kisha wakakaa kungoja, maana mashine ya namna hii haiaminiwi kwa neno lake. Mwalimu aliweka kipimajoto chake ndani, na wote wakatazama namba mbili, ya mashine na ya kwake, zikipanda pamoja pole pole mpaka zikatulia mahali pamoja.

"Haya," Bisibisi akasema. Sauti yake ilikwaruza. "Waleteni."

Dereva wa lori aliponyanyuliwa mtoto kutoka kifuani, alikaa vile vile, mikono imekumbatia hewa. Kisha akaanza kulia, na Fyuzi, mwepesi wa kuwaka, akalia naye.

Daktari alisoma joto la mtoto wa kwanza, kisha la wa pili. Akashusha mabega. Akawatazama wageni, mmoja ana vumbi magotini, mwingine miwani imeenda upande.

"Nimwambie dereva wa gari la wagonjwa aliegeshe. Na hawa wenzetu ni wa kampuni gani? Lazima tuwaandikie shukrani."

"Si wa kampuni, Daktari," Bisibisi akajibu. Alisimama, akanyoosha mgongo, na kwa mara ya kwanza katika hospitali ile alizungumza kwa sauti ya kusikika wodi nzima. "Hawa ni wenzangu. Huyu ni fundi anayetunza hospitali yao yote kwa mikono miwili, hajawahi kuacha simu yangu ikaita bure. Na huyu ni mwalimu wa mafundi, nikikosea ananieleza kosa langu, haniambii mimi ni kosa. Hawa ni wangu."

Wauguzi wakapiga makofi kimyakimya, kwa vidole, ili wasiwaamshe watoto.

Wakati wa kuwasindikiza ulipofika, palikuwa na mlango wa karibu unaotoka moja kwa moja getini. Bisibisi hakuutumia. Aliwazungusha njia ndefu makusudi: akawapitisha maabara, akawapitisha jikoni, akawapitisha chumba cha kufulia kilichojaa mvuke, na kila alipomkuta mtu alisimama. "Hawa ni wenzangu," anasema. "Wametoka mbali."

"Dada, basi langu litaniacha," Fyuzi akalalamika, huku akinyoosha kola ili aonekane vizuri.

"Likuache, utalala kwetu. Bado hujaonana na watu wa dawa."

Mwalimu akacheka, akamshika Bisibisi mkono, na wote watatu wakakata kona kuelekea chumba cha dawa.