Taa ya Nyuma ya Kioo

Mzee Maximilian Sulle wa Gitting alikuwa mtu wa kutunza. Vikombe vyake vya kioo vilikaa kabatini miaka nenda miaka rudi vikisubiri mgeni ambaye hakufika, na redio ilivaa kitambaa cha kufuma mpaka saa ya taarifa ya habari. Kwa hiyo vitunguu saumu vilipomlipa vizuri, akaenda Arusha akarudi na kompyuta iliyokwisha kutumika, kila mtu nyumbani alijua itaishi maisha ya namna gani.

Bahati mbaya muuzaji alikuwa na mdomo. "Mzee, monita hizi bapa zina taa ndani, nyuma ya kioo," alimwambia. "Taa hiyo ina masaa yake. Yakiisha, kioo kinakuwa giza." Hakusema ni masaa mangapi, na mzee hakuuliza. Alichosikia ni kwamba amenunua kitu kinachokwisha, kama mafuta kwenye kibatari, na kuanzia siku hiyo mkono wake haukubanduka kwenye swichi. Akisoma mstari mmoja, anazima. Akitaka wa pili, anawasha. Mke wake, Kornelia, alimcheka mpaka akachoka kucheka.

Siku hizo mkoa mpya wa Manyara ulikuwa bado unajaza ofisi zake kule Babati, na Letisia, binti yao wa mwisho, akaitwa kwenye usaili wa kazi ya uchapaji. Kozi fupi alikuwa ameisoma Katesh, lakini tangu hapo vidole vyake vilishika jembe msimu mzima, vikawa vizito. Kazi hiyo aliitaka kwa moyo wote, na alikuwa na wiki moja tu ya kujinoa. Akaomba kompyuta.

"Fanya mazoezi, mama," baba yake akasema. Akaondoa kitambaa, akamsogezea kibodi. Monita hakuiwasha.

"Baba, sioni ninachoandika."

"Vidole ndivyo vinavyoandika. Vidole havihitaji taa. Ukifika Babati utaona vyote huko."

Letisia alimtazama mama yake, na mama yake akatazama sufuria. Katika nyumba ile neno la baba lilikuwa limekwisha kusemwa. Basi msichana wa watu akakaa wiki nzima anagonga herufi mbele ya kioo cheusi, hana anachokiona ila uso wake mwenyewe. Jumamosi alimsihi baba amwashie walau kidogo. Mzee akawasha, akaona maandishi mengi, akaridhika, akazima kabla binti hajamaliza kusoma mstari wa kwanza.

Babati walimpa barua aichape. Alipoinua macho aliona balaa. Kidole chake kimoja cha mkono wa kushoto kilikuwa kimejizoesha herufi ya jirani, na wiki nzima hakuna kilichomwonya. Akaanza kufuta, akakosea tena, jasho likamtoka, muda ukaisha. Kazi akapewa mwingine.

Aliporudi hakumlaumu mtu. Alisema tu, "Ningeona mapema, baba, ningerekebisha." Baadaye akaolewa Gehandu, akawa anauza maharage mnadani. Baba yake alijiambia kwamba ndivyo Mungu alivyopanga, akaendelea kuifunika kompyuta yake.

Miaka ikapita. Monita ikaanza kuwaka kwa wekundu, na asubuhi moja ikawaka kidogo tu, ikawa giza. Mzee akamwita Yonas, fundi wa Katesh.

"Shikamoo mzee. Hii ilikuwa inatumika sana?"

"Marahaba. Sana wapi! Nimeitunza mimi. Nikiwasha, nazima hapo hapo."

Yonas akatikisa kichwa. "Hapo ndipo ulipoimaliza, mzee. Taa hizi zinakaa miaka mingi, hata ukiziacha zikawaka asubuhi mpaka jioni. Kinachozichosha ni huko kuwasha na kuzima."

Mzee aliigusa swichi. Halafu akauliza polepole, "Na kama mtu angeitumia wiki moja mfululizo?"

"Wiki moja?" Yonas akacheka. "Wiki moja taa isingejua hata kama imefanya kazi."

Hakujua amemchoma mzee wa watu mahali gani. Kabla ya kuondoka alimmulikia kioo kwa tochi, kwa ubavu, akamwonyesha kwamba picha bado imo, imekosa mwanga tu. Mzee hakumsikia vizuri. Alikuwa anaona uso wa Letisia kwenye kioo cheusi.

Jumapili Letisia alikuja kuwasalimia. Mzee akaitikia shikamoo yake, akamshika mkono, akampeleka mezani. Akavuta pazia, akawasha kompyuta, akamulika kioo kwa tochi, kwa ubavu, kama Yonas alivyomwonyesha.

"Kaa hapa, mama. Andika."

"Niandike nini, baba?"

"Chochote. Nilikunyima, mwanangu. Nilikunyima kitu ambacho hata kisingepungua."

Letisia alikaa. Aliinua mikono yake juu ya kibodi, mikono iliyokauka kwa jembe na kwa magunia ya mnadani. Kidole kimoja kikazunguka kikitafuta herufi ya kwanza ya jina lake, kikapita, kikarudi, kikasimama.

"Nimesahau zinapokaa, baba," alisema.

Mzee akaisogeza tochi karibu zaidi na kioo.

"Tafuta taratibu," alisema. "Leo sizimi."