Sisi Bila Wewe

Tangu Alhamisi Nachammal hakuwa ametia mdomoni chakula kilichopikwa na mkamwana wake. Aliamka, akachora michoro ya unga mlangoni kama ilivyo kila alfajiri ya mwezi wa Margali, akachota kiporo cha wali aliojipikia mwenyewe ukalala majini, akakila kwa vitunguu viwili akiwa amesimama, kisha akashuka kwenye mtambo wake wa kufumia na kukaa humo mpaka jua lizame. Hakusema na mtu. Mtambo wake ulikuwa upande wa mashariki wa sebule, wa binti yake Tulasimani, au Tulasi, upande wa magharibi. Kila mmoja alitumbukiza miguu katika shimo lililochimbwa chini ya mtambo wake, na hivyo ndivyo walivyokuwa wakitazamana miaka yote, hariri kati yao. Siku hizo tatu mama alitazama uzi tu.

Neno lililoleta yote hayo lilikuwa moja, tena fupi.

Alhamisi jioni jirani yao Marakkal alikuja kuomba ukwaju, akaketi kizingitini kama desturi yake ya kuomba kitu kidogo na kukaa muda mrefu. Akamtania Kuntala, mkamwana wa nyumba: "Haya, bi harusi, mwezi wa Tai huo unabisha hodi. Mna mipango gani?"

Kuntala alikuwa akipepeta mchele. Akaweka ungo chini, akamgeukia mama mkwe wake, wala si Marakkal aliyeuliza, akasema polepole kama mtu anayevuka daraja la mbao:

"Mwezi wa Tai sisi tutachemsha maziwa."

Nani hachemshi maziwa mwezi wa Tai? Sikukuu ya mavuno kila nyumba huteleka chungu uani, maziwa yakafura yakamwagika, watoto wakapiga vigelegele. Lakini maziwa huchemshwa vilevile siku mtu anapohamia nyumba mpya, kabla hata ya kuingiza godoro. Hapo msikilizaji huangalia ni sisi gani iliyotumika, maana Kitamil kina sisi mbili. Kuna naama, sisi pamoja na wewe ninayekuambia. Na kuna naanga, sisi bila wewe.

Kuntala alisema naanga.

Marakkal aliondoka bila ukwaju wake.

Jioni hiyo hiyo Kumaresan, mtoto wa kiume wa Nachammal, alipigiwa simu huko mjini Tiruppur anakofanya kazi kwenye kampuni ya fulana. Yeye hurudi nyumbani Jumapili kwa Jumapili. Kuntala, mke wake, hukaa hapa na mama. Alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Amekosea, mama! Mtu wa jimbo la Odisha huyo, ana miezi kumi tu hapa. Kwao sisi ni moja, atajuaje? Tena mwalimu wake nani? Tulasi! Darasa la tano, tena hakulimaliza. Usimlaumu mwanafunzi."

Maneno hayo Tulasi aliyasikia, kwa kuwa simu ilikuwa imewekwa sauti ya wote. Aliendelea kukunja uzi wake. Lakini kitu kilimwingia kama mwiba wa samaki, hakimezeki wala hakitemeki.

Ni kweli yeye ndiye aliyemfundisha. Aliacha shule akiwa na miaka kumi, mguu wake ulipoweza kugusa sakafu ya shimo la mtambo, lakini kitabu chake cha darasa la pili alikuwa nacho bado, kimefungwa kwa pindo la sari. Kuntala alipoletwa nyumbani akiwa anajua kusema "maji" na "nimeshiba" tu, Tulasi alikifungua. Walianza na majina. Huku upande wa juu: watu na miungu. Huku upande wa chini: vingine vyote, mbuzi, mvua, mtambo, hata mtoto mchanga mpaka apate akili. Kisha majina yakapewa vivuli vyake: huyu wa kiume, huyu wa kike, huyu wa heshima, hiki kisicho mtu.

Kuntala alikosea hapo mpaka kijiji kizima kikapata cha kucheka. Alimwona jogoo juu ya ukuta akasema, "Mzee ameketi, tumkaribishe?" Siku nyingine akaja mbio kumwambia Marakkal habari za mume wake aliyekuwa akirudi kutoka kwenye pombe: "Shangazi, kile chako kimekuja."

"Hujakosea, mwanangu," Marakkal alimjibu. "Wewe ndiye pekee unayekijua Kitamil hapa."

Lakini sisi mbili Kuntala hakuzikosea hata mara moja. Tulasi alimfundisha kwa kizingiti. Alimshika bega ndani ya mlango, akasema naama. Kisha akatoka peke yake nje, akamwacha Kuntala amesimama na mama ndani, akamwambia, haya, niambie mnakula. Kuntala akasema naanga. Njoo ndani: naama. Toka nje: naanga. Walicheza hivyo mwezi mzima, mama akiwa shimoni mwake anapiga kitana cha mtambo, ta-ka, ta-ka. Kwa hiyo Tulasi alijua kile ambacho kaka yake hakukijua, au alikijua akakifunika kwa kicheko: wifi yake alisema alichokusudia.

Basi wanahama. Lakini nani na nani?

Hapo ndipo Tulasi alipokosa utulivu. Naanga humwacha nje yule anayeambiwa, na Alhamisi aliyeambiwa alikuwa mama. Tulasi alikuwa amekaa pembeni. Juu ya aliyekaa pembeni neno halisemi kitu. Anaweza kuwa ndani, anaweza kuwa nje. Alikuwa na miaka ishirini na sita, kumi na sita kati ya hiyo miguu yake ilikuwa shimoni. Alitaka kuwemo. Alilijua hilo pale pale, kabla Marakkal hajafunga mdomo wake, na aibu ya kulijua ilimpanda mpaka masikioni.

Siku tatu alifuma vibaya. Nyuzi za mtande, zile za urefu wa kitambaa, zilimkatikia, akaunga, zikakatika pembeni ya fundo. Alitoka shimoni kwenda kunywa maji asiyoyataka. Alihesabu vyombo rafuni: kama kuna sufuria imeondolewa ingemwambia kitu. Hakuna iliyoondolewa. Alimtazama Kuntala akipika, akimpakulia mama sahani, sahani ikikaa na kufunikwa na baadaye kupewa mbuzi. Kila mara alitaka kuuliza, na kila mara mama alikuwa hatua nne tu mbali, ta-ka, ta-ka.

Jumapili asubuhi maji ya bomba yalifunguliwa, Tulasi na Kuntala wakapata sababu ya kutoka wawili. Foleni ya mitungi ya plastiki ilifika mpaka kwenye kibanda cha chai.

"Mwalimu!" Marakkal aliita kutoka mbele. "Leo somo gani? Nifundishe na mimi namna ya kumfukuza mama mkwe kwa neno moja. Wangu nimemtukana miaka thelathini, bado yupo!"

Wanawake wakacheka. Kuntala akajifunika uso kwa sari. Tulasi alingoja mpaka zamu yao, mpaka maji yakaanza kupiga kelele ndani ya mtungi, ndipo akasema:

"Wifi, ulikosea?"

"Kaka yako anasema nimekosea."

"Sikuulizi kaka anasemaje."

Kuntala alitazama maji yakipanda. "Jogoo nilikosea. Kile cha shangazi Marakkal nilikosea. Hili sikukosea." Akavuta pumzi. "Nyumba ameshaipata. Chumba na jiko, karibu na kampuni. Ananiambia nyamaza, nyamaza mpaka siku yenyewe, mama ataona gari tu mlangoni. Mimi nitawezaje? Kila siku mama ananipa achari ya embe, kula mwanangu, kula. Nami nakula nimenyamaza kama mwizi. Nikatafuta neno dogo la kumwambia. Nikaona lile linatosha."

Mtungi ulijaa, ukafurika juu ya miguu yao. Hakuna aliyeusogeza.

"Na mimi?" Tulasi aliuliza.

"Wewe nini?"

"Humo ndani ya naanga yako. Nimo au simo?"

Kuntala akamwangalia kana kwamba ameulizwa jina lake mwenyewe. "Si wewe ulinifundisha? Anayeachwa nje ni anayeambiwa. Nilikuwa namwambia nani?"

"Mama."

"Sasa?"

"Nyie! Mnaogesha barabara?" mtu wa nyuma alipiga kelele. Tulasi akanyanyua mtungi kiunoni, wakaondoka.

"Lakini kaka yako," Kuntala alisema wakitembea, "yeye sijamuuliza. Kwangu mimi umo. Kwake sijui."

Kumaresan aliteremka kwenye basi la saa nne na pakiti ya halua kwapani, uso umejaa kicheko cha kuandaliwa. Hakuingia ndani. Alimwita dada yake nyuma ya zizi la mbuzi.

"Mdogo wangu, nisaidie. Mwambie mama ulimfundisha kinyume. Naama ukaiita naanga, naanga ukaiita naama. Neno moja, mama ale."

"Halafu Tai ikifika?"

"Tai itajileta yenyewe."

"Chumba kinalaza watu wangapi?"

Kicheko kikamwisha. "Aa. Ameshakuambia." Alikuna shingo, akamtazama mbuzi badala ya dada yake. "Tulasi, mimi si mtu mbaya. Kwenye kampuni kuna kazi ya kukata nyuzi, hata kesho ungeipata. Lakini nani atakaa na mama? Mimi na wewe sote tutoke? Watu watasema nini?"

"Hilo la watu ulipaswa kuliwaza wakati unatafuta nyumba."

"Wewe ulikuwa huongei hivi," Kumaresan alisema.

Kabla hajamjibu, sauti ilitoka sebuleni, sauti ambayo nyumba ilikuwa haijaisikia kwa siku tatu. "Mnaongea na mbuzi huko? Ingieni."

Waliingia. Mama alikuwa bado shimoni, mikono imelala juu ya hariri nyekundu. Kuntala alisimama kwenye mlango wa jiko ameshika mwiko. Kumaresan akaweka halua juu ya kiti, hakuna aliyeigusa.

"Tulasi," mama alisema. "Ulimfundisha vipi huyu?"

Kaka akakohoa. Aseme kinyume, mama ale leo, na Tai gari lije. Aseme kweli, na yeye mwenyewe akae upande gani?

"Nilimfundisha vizuri, mama. Hakukosea."

"Najua," Nachammal alisema.

Mwiko ukaanguka jikoni.

"Mwezi mzima nimewasikia. Ingia naama, toka naanga. Hata mbuzi anajua sasa. Na huyu," alimwelekezea mtoto wake kidevu, "tangu sikukuu ya taa ya Dipavali nilijua, alipolipima kabati kwa shubiri akadhani nimelala. Mwanamume hapimi kabati ili alipendezeshe."

"Mama, mimi nilitaka..."

"Wewe nyamaza, bwana sarufi."

"Sasa mbona huli?" Tulasi aliuliza. Siku tatu hizo alikuwa amemtazama mama kwa kila jicho alilokuwa nalo, na hakuwa ameelewa kitu.

Mama alimtazama. "Neno lile lilipotoka sikumtazama aliyelisema. Nilikutazama wewe. Ulishtuka kama mtu aliyeitwa jina lake. Nikasema moyoni, haya, nitakaa ninyamaze, aniambie mwenyewe kama ameitika. Siku ya kwanza hakuna. Ya pili hakuna. Unakunywa maji tu kama ng'ombe."

"Tulasi haendi popote," Kumaresan alisema haraka. "Tulasi anabaki na wewe, hilo tumesha..."

"Wewe na nani mmesha?"

Kumaresan akamtazama mke wake, na mke wake akaokota mwiko.

Kwa Kitamil mkia wa kitenzi unatosha kumtaja mwendaji, na watu wakiongea hawajisumbui kusema mimi. Tulasi alijisumbua.

"Mimi," alisema, akameza mate. "Mimi naenda, mama."

Nje mtu alikuwa akiuza jasmini, akapita, akaondoka na sauti yake.

"Nenda," Nachammal alisema mwishowe. "Mimi sihami. Shimo hili nililichimba na baba yako kwa mikono, siwezi kulibeba. Lakini mtande wako umebaki mikono kumi na minane, na mkono ulioanza ndio unaomaliza. Na usije ukanipigia simu kutoka huko uniambie ulikosea neno."

Akajivuta kutoka shimoni kwa mikono miwili, magoti yakalia. Akaenda jikoni, akafunua sufuria ya Kuntala, akaonja kwa ncha ya kidole.

"Chumvi haitoshi."

"Ndiyo, mama."

"Naongeza mimi. Lete sahani."

Alijipakulia wali, akamwagia mchuzi wa ukwaju na pilipili manga, akaketi chini ameupa ukuta uso na wao mgongo. Akala. Kumaresan alisimama katikati ya sebule kama mgeni ambaye hajaonyeshwa pa kukaa. Kuntala alisogeza kikombe cha maji karibu na mkono wa mama, na mama akakichukua bila kugeuka.

Tulasi hakuwa na njaa, wala furaha aliyoitarajia haikuja. Alirudi kwenye mtambo wake, akatumbukiza miguu, akashika uzi, akaanza kupiga hesabu kwa sababu kichwa kilihitaji kitu cha kushika. Mkono mmoja na nusu kwa siku, siku kumi na mbili. Tai ilikuwa siku kumi na tano mbele. Zilibaki siku tatu ambazo hakujua azifanyie nini, na upande wa mashariki shimo la mama lilikuwa wazi, halina mtu.