Wimbo wa Mwisho, Upande wa Pili

Baba yangu ni mwanamuziki wa roki anayenyoosha sketi za wanafunzi. Mchana ananyoosha, jioni anapiga gitaa, na siku akiwa na wimbo mpya kichwani ni sketi zinazoumia. Duka letu la dobi liko Bupyeong, mtaa wa Incheon, nyuma ya stesheni. Juu ya mashine ya mvuke zimepangwa albamu zote tisa za bendi yake, Yeontan. Ni jina la yale makaa ya duara yenye matundu, yaliyopasha joto nyumba za wazazi wetu na mara mojamoja kuwaua watu kwa moshi. Waliosikiliza albamu ya nne wanasema jina linafaa kabisa.

Nazijua zote tisa. Kwenye jalada la pili, Anko Tak, mpiga ngoma, amefumba macho, na mpaka leo anadai alikuwa akitafakari. Ya sita walinunua wake wa wanabendi peke yao. Ya tisa ilitoka mwaka nilioanza sekondari, na darasani nikasema yule Gwak Man-sik wa jaladani tumefanana jina la ukoo tu.

Mwezi wa kumi akaja Bwana Pyo kutoka Seoul, kijana wa suti na viatu vya kung'aa. Kampuni yake ilitaka kuzitoa upya albamu zote tisa ndani ya kasha moja, pamoja na kitabu cha picha, bendi inapotimiza miaka arobaini. Kwa furaha Baba akaunguza suruali ya mwalimu mkuu. Bwana Pyo akawekwa kwenye kiti kizuri, akamenyewa tunda, akamiminiwa chai ya shayiri, na mkataba ukatandazwa juu ya meza ya kupigia pasi. Kilichobaki kilikuwa muhuri tu, ambao kwetu ndio sahihi.

Muhuri wa Baba anautunza Bibi. Ni hivyo tangu Baba alipougonga kwenye karatasi ya mtu mmoja mcheshi, siku tatu baadaye tukaletewa mashine kumi na mbili za kuchujia maji. Bibi Bok-rye ana miaka themanini na mbili, na haugongi muhuri kabla hajasoma. Akachukua lenzi yake na orodha ya nyimbo, akasoma kidole kikishuka polepole. Bwana Pyo akamaliza tunda. Nikammenyea jingine.

"Ziko tisini na tatu," Bibi akasema. "Zinatakiwa tisini na nne."

Bwana Pyo akaeleza kwa adabu kwamba umeachwa mmoja tu, ule wa mwisho kwenye albamu ya kwanza.

Kila mtu wa rika la Baba anaujua mkasa huo. Zamani zile, albamu yoyote, hata ya kilio cha mapenzi, ilibidi imalizike na wimbo wa maadili, wa kusifu taifa na kazi na usafi wa barabara. Bila huo hupati kibali. Bendi nyingi ziliiachia kampuni ichomeke kwaya yoyote. Bwana Pyo akasema vijana wa leo watacheka: bendi ya ukaidi inaimbia serikali? Kampuni ilitaka kuwafutia aibu hiyo.

"Aibu ya nani?" Bibi akauliza.

Baba akaanza kunyoosha shati lililokwisha kunyooshwa.

Mwaka ule wa kibali, mwenye studio alimwambia Baba alete kwaya kabla ya jioni, la sivyo hakuna albamu. Baba alikuwa na miaka ishirini na hakujua kwaya hata moja. Aliowajua ni mama yake na wenzake sita wa kiwanda cha nyuzi. Wanawake hao waliwahi kukaa chini mbele ya lango la kiwanda, wakaimba siku nne wakidai chama chao cha wafanyakazi, wakafukuzwa. Majina yao yakaandikwa kwenye orodha iliyosambazwa Incheon nzima, na hakuna kiwanda kilichowachukua tena. Miaka saba baadaye bado walikuwa wakiuza mboga njiani. Baba akawaita, wakaja na mabuti yao ya mpira.

Wakaimba maneno yote kama yalivyoandikwa, hawakubadilisha hata moja. Ila waliimba kama walivyoimba langoni, kwa kukanyaga sakafu kwa mwendo wa mashine za kusokotea. Walipofika pale pa "tunafanya kazi kwa furaha", Bibi akacheka, na kinasa sauti kikacheka naye. Wakaguzi wa serikali walikagua maneno kwenye karatasi tu. Wakapitisha, na kwenye barua wakasema wimbo huo unajenga taifa.

Bwana Pyo akatikisa kichwa. Akasema ni hadithi nzuri sana, lakini msikilizaji haioni. Jaladani pameandikwa "Kwaya" tu.

Hapo ndipo palipouma. Bibi akaweka lenzi chini.

"Neno hilo aliandika huyu," akasema, akimwonyesha Baba kwa kidevu. "Nilimwambia aandike majina yetu. Saba tu. Majina yetu yaliandikwa mara moja maishani, kwenye ile orodha. Nikataka yaandikwe mara ya pili."

Miaka yote nilidhani Baba anaiogopa mashine ya mvuke peke yake.

Bwana Pyo akatazama saa. Akasema uamuzi si wake, ofisini wanataka mkataba leo, na kuna bendi nyingine inayosubiri nafasi. Bibi hakumbembeleza. Alikunja mikono akamtazama mwanawe, kama alivyokuwa akimtazama akirudi na alama mbaya za hesabu.

Baba akazima pasi. Akaishusha albamu ya kwanza, akaiweka upande wa pili kwenye gramafoni ya dukani, akashusha sindano kwenye wimbo wa mwisho. Sauti saba zikatoka, na mabuti, na vikombe vikatetemeka mezani. Mteja mmoja aliyefuata koti lake akasimama mlangoni, akasahau koti. Kicheko kikapita. Bwana Pyo, aliyekuwa anatafuna, akaacha kutafuna.

"Niliogopa," Baba akasema wimbo ulipokwisha. "Nilikuwa na miaka ishirini, nikaogopa. Leo nina sitini na nanyoosha suruali za watu. Watanipokonya nini, pasi? Nyimbo tisini na nne na majina saba. Kama haiwezekani, ipe nafasi hiyo bendi inayosubiri."

Nilimtazama vizuri. Ni mimi niliyemkana darasani, na wakati ule ningependa darasa zima liwepo.

Bwana Pyo akatoka kupiga simu. Kupitia kioo tukamwona akiinama, akieleza, akiinama tena kwa mtu asiyemwona. Aliporudi akasema wamekubali majina, ila wimbo watauweka kwenye diski yake peke yake, mwisho wa kasha, kama nyongeza.

"Hapana, kijana," Bibi akasema. "Serikali iliamuru ukae mwisho wa upande wa pili wa albamu ya kwanza. Ndiyo mara ya pekee mimi na wao tumekubaliana. Usituharibie."

Kwanza alicheka yule mteja. Kisha Bwana Pyo akacheka, akavua koti, akaomba kalamu. Akaiacha nyongeza, akauandika wimbo kwa mkono wake kwenye orodha, pale ulipotakiwa kuwa, akasema ofisini atagombana nao yeye mwenyewe.

Bibi akasimama kuyataja majina. Aliyataja kwa mpangilio waliosimama kuzunguka maikrofoni: Jeom-sun, Mal-ja, Ok-bun, Kkeut-nam, Dal-lae, Yang-sim. Watatu wako hai, yeye mmojawapo, wanne hawapo, lakini aliwataja wote kwa sauti ileile, kama wanaokuja kesho. La kwake likawa la saba, kwa kuwa siku ile alisimama karibu na mlango, ili polisi wakija aufikie kabla yao.

Kisha akanituma jikoni nikauchimbue muhuri kwenye pipa la mchele.