Kiswahili cha Majambazi

Kiswahili nilifundishwa na majambazi. Wenzangu walifundishwa na mama zao, au na walimu wenye fimbo. Mimi nilivuka mpaka nikiwa mtu mzima, nimeolewa na dereva wa lori aliyefiwa na mke na kuachiwa mtoto mdogo wa kiume, na lugha ya huko sikuijua hata ya kuombea maji. Mume wangu alikijua kilugha chetu kwa sababu ya safari zake, lakini nyumbani kwake hakuna mwingine aliyekijua. Basi akanifungulia sanduku lake la vitabu, vile vyenye picha ya mwanamume mwenye bastola na mwanamke mwenye gauni jekundu, ambavyo madereva hupeana kwenye foleni za mizani. Akaniambia, "Soma hivi. Ukivimaliza utaongea kunishinda." Kisha akapanda lori lake akaenda zake.

Nikasoma. Nilisoma kwa sauti, mtoto mapajani, kidole kikifuata mstari. Neno nisilolijua nililipita, nikakutana nalo tena kurasa za mbele, na mara ya tatu au ya nne likawa langu. Ndivyo nilivyopata mateka, msaliti, njama, fidia, kunyatia. Neno la chujio nilikuja kulijua baadaye sana, lakini mtu akitaka kuzungumzia bomu la kutegwa, nilikuwa tayari.

Sokoni nilimwambia muuza nyanya, "Taja bei yako ya mwisho, la sivyo damu itamwagika." Alicheka mpaka akakaa chini, akaniongezea nyanya, na soko zima likanibatiza jina la Mama Bastola. Nyumbani nikitaka kumvua mtoto shati nilimwambia, "Salimu amri!" naye akanyanyua mikono juu, akifurahi. Nilijiona nimefika.

Mama mkwe peke yake hakucheka. Alikuwa na chumba chake upande wa pili wa ua, na mimi aliniangalia kwa mbali. Nikiingia kwake alinyamaza. Nikimpelekea chai aliipokea kwa mikono miwili, akaishika, asiinywe mpaka nitoke. Aliyemtaka ni mjukuu wake tu. Nikasema moyoni, haya, ananichukia. Mama wa kambo si mama, hata kwetu husemwa hivyo, na mimi si mtu wa kumbembeleza asiyenitaka.

Alikuwa na chupa ya plastiki ya dawa zake. Mtoto akilia alimpa aitikise, ilie cha-cha-cha, anyamaze. Siku moja niliikuta mikononi mwa mtoto, nikaichukua, nikamrudishia bibi yake huku nikitafuta maneno ya kumwonya. Niliyoyapata ni haya: "Ukirudia, utajuta." Akaingia ndani na kufunga mlango.

Alasiri ya tukio nilikuwa naanika nguo. Mtoto alikuwa kwa bibi. Kimya kilipozidi, nikaenda kuchungulia. Bibi alikuwa amesinzia kwenye kiti. Mtoto alikuwa ameketi kizingitini, jasho linamtiririka, kichwa kinamlemea, midomo ina unga mweupe, na mkononi ameshika nusu ya kidonge. Chupa sikuiona, wala sikuwa na akili ya kuitafuta. Nilimpokonya kile kidonge, nikambeba, nikatoka nje napiga kelele kwa lugha ya kwetu. Nyuma yangu nilimsikia bibi akigutuka na kuuliza kuna nini. Sikugeuka. Pikipiki ya kwanza niliyoiona nikairukia.

Hospitali tulipokewa na nesi mmoja mrefu, mwenye miwani.

"Mtoto ana nini?"

"Mhanga amelishwa sumu," nikasema.

Nesi alikuwa tayari amenyoosha mikono kumpokea. Mikono ikasimama hewani. "Amelishwa na nani?"

"Mtuhumiwa nimemwacha nyumbani."

"Umemfanya nini?"

"Atashughulikiwa baadaye."

Alinipokonya mtoto. Simlaumu, hata mimi ningempokonya. Alimwita daktari, na kwa pumzi hiyo hiyo akamwita mlinzi aliyekuwa akisikiliza mlangoni. Kabla hajaingia chumba cha dharura alinigeukia. "Wewe ni nani yake?"

"Mama wa kambo."

Watu wote waliokuwa kwenye mabenchi wakageuza shingo. Mama mmoja aliyekuwa karibu yangu akamvuta mwanawe kwake. Mlango ukafungwa, na mkono mzito wa mlinzi ukanikamata juu ya kiwiko.

Nataka hili lieleweke: nilimpenda yule mtoto. Sikumzaa, lakini hakuna neno la Kiswahili nililolijua ambalo hatukulisoma pamoja. Nikiwa nimekalishwa pale benchini, sikuogopa pingu wala kurudishwa mpakani. Niliogopa kwamba mtoto amezama ndani ya chumba kile, na sauti yake siisikii tena, na mimi ninayejua alichokula sijui kukisema. Nilisema "kidonge", mlinzi akasema, "Tulia." Nikasema "bibi", akasema, "Utayaeleza polisi."

Alikuwa mwanamume wa makamo, mwenye kitambi na koti la kazi lililokosa vifungo. Katika mfuko wa koti niliona pembe ya kitabu. Gauni jekundu.

"Hicho nimekisoma," nikamwambia. "Msaliti ni kaka yake."

Aliniangalia kwa uchungu kweli kweli. Alikuwa hajafika huko. Kisha nikaona anaanza kuyapanga maneno yangu yote kichwani, tangu mhanga mpaka mtuhumiwa, na mkono wake ukalegea.

"Dada, Kiswahili umejifunzia kwenye hivi?"

"Ndiyo."

"Mungu wangu." Akaketi karibu nami, akashusha sauti, na kwa mara ya kwanza tangu nifike mjini ule, mtu akaniuliza mambo kwa maneno niliyokuwa nayo. "Tukio limetokea wapi?"

"Chumbani kwa bibi yake."

"Nani alikuwepo?"

"Bibi. Amesinzia. Mtoto hupewa chupa ya dawa, achezee."

"Ushahidi?"

Nilifumbua ngumi. Kile kidonge kilikuwa kimeanza kuyeyuka kwa jasho la kiganja. Mlinzi alinivuta na kunisimamisha, akagonga mlango wa dharura kwa bega.

Nesi alikigeuza kidonge mara moja chini ya taa, akasoma herufi zilizobaki. "Dawa ya kisukari," akasema. "Pima sukari yake, haraka." Walimtoboa kidole, wakasoma kile kipimo, na sikuhitaji kuambiwa, niliona kwenye nyuso zao. Wakamtundikia dripu ya sukari. Tukasubiri, mimi nimeng'ang'ania fremu ya mlango, mlinzi nyuma yangu. Baada ya muda mtoto akafumbua macho kidogo. Nikaanza kupumua.

Daktari hakuanza kupumua. Alikuwa kijana, ameweka kifaa chake kifuani mwa mtoto, na uso ulizidi kukunjamana. "Sukari inapanda," akasema, "lakini moyo unapiga polepole mno. Dawa ya kisukari peke yake haifanyi hivi. Kwenye hiyo chupa kulikuwa na dawa nyingine. Ni ipi?"

Mtu pekee aliyejua alikuwa anaingia mlango mkuu wakati huo, kiatu mguu mmoja, mkoba ameubana kwapani.

"Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Bibi," daktari akamkabili, "dawa alizokula ni zako. Ndani ya chupa ulichanganya na nini?"

Mama mkwe alimwangalia daktari, akamwangalia mlinzi na kirungu chake, akaniangalia mimi. "Dawa zangu ziko kabatini," akasema. "Mimi sijui kitu."

"Kiri!" nikapiga kelele. "Kiri kosa lako! Tunajua kila kitu!"

Alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. "Sijampa mtoto kitu. Muulizeni huyu. Ndiye aliyekuwa naye."

"Muongo! Utakufa gerezani!"

"Dada, polepole," mlinzi akanong'ona.

Ulimi hauna mfupa, na wangu ulikuwa umelelewa na wauaji. Kila nilipofungua mdomo, yule mama alizidi kujibana ukutani, na kila alivyojibana, dakika za mtoto zilikwenda. Nesi alikuwa anahesabu mapigo kwa sauti, na sauti yake ilizidi kukawia. Nikakumbuka vitabu vyote nilivyosoma. Mtu akibanwa namna ile, ama hunyamaza mpaka anakufa, ama hudanganya. Sikukumbuka hata mmoja aliyesema kweli huku amekabwa shingo. Tena nilikumbuka kwamba katika vitabu hivyo hivyo, mara chache, mtu asiye na hatia husimama na kusema ni yeye. Nilipokuwa nasoma nilikuwa nawaona wapumbavu.

"Ni mimi," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Chupa nilimpa mimi. Niliichukua chumbani mama akiwa amelala, nikampa mtoto aichezee. Mama hana hatia. Nakiri mbele ya mashahidi."

Mlinzi alifungua mdomo. Nilimkazia macho, akaufunga. Nilimsogelea mama mkwe polepole, nikapiga magoti, nikazungumza kwa sauti ile niliyokuwa namsomea mtoto anaposinzia.

"Mama. Kosa ni langu. Wewe niambie tu, ndani ya chupa niliyompa mimi, mlikuwa na nini?"

"Za kisukari," akasema. "Na za presha. Naziweka pamoja nisije nikasahau." Akafungua mkoba, akatoa pakiti tupu iliyokunjwa. Daktari aliinyakua, akasoma jina, akamwita nesi aache kila kitu alete dawa fulani, na mlango ukafungwa mbele ya nyuso zetu.

Jua lilipoanza kupungua madirishani, nesi alitoka. Alisema moyo umerudi, mtoto anaomba maji. Nililia kwa sauti bila aibu. Kisha nesi, kwa upole lakini bila kuzunguka, akaniambia kwamba nilichokikiri itabidi akieleze kwa baba wa mtoto. Nikamwambia sawa. Mama mkwe alikuwa amesimama pale pale. Alisikia, akainamisha uso.

Hakusema kitu jioni ile. Wala asubuhi. Tulikaa pande mbili za kitanda, mtoto katikati amelala, na hasira ilinipanda na kushuka, ikapanda tena. Nilikuwa nimetoa jina langu ili mtoto apone, vizuri, sijutii. Lakini sikudhani kwamba mtu angelipokea jina langu, alitie mkobani, na kulikalia.

Mume wangu alifika mchana, nguo zimejaa vumbi la barabara. Nesi alikuwa amekwisha kumweleza mlangoni. Alimshika mtoto paji la uso, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Hakunifokea. Afadhali angenifokea.

"Utarudi kwenu kwa muda," akasema. Alisema kwa Kiswahili, ili mama yake asikie. "Mtoto atakaa na mama."

Nilikuwa nayo maneno yote ya kujitetea. Shahidi wangu alikuwa getini na kirungu chake. Ningeweza kummaliza yule mama pale pale, kwa Kiswahili safi, mbele ya mwanawe. Lakini hasira na uchovu vilinizidi, nikamwangalia tu.

Mama mkwe aliweka mkoba sakafuni.

"Haendi popote," akasema. "Chupa ilitoka mikononi mwangu. Nilimpa, nikasinzia. Huyu alinikingia kifua."

Mume wangu alimtazama mama yake, akanitazama mimi. Alisimama, akatoka kwenye korido, tukamsikia anatembea huko, anakwenda na kurudi.

"Kwa nini hukusema jana?" nikamuuliza mama mkwe. Sikumwonea huruma bado. "Mtoto alikuwa anakufa. Kwa nini hukusema?"

"Nilikuogopa."

"Mimi?"

"Wewe. Daktari nilimwogopa, mwanangu nilimwogopa, lakini wewe nakuogopa tangu siku uliyofika. Mwanangu alikuwa nje anashusha mizigo, wewe ukaingia peke yako. Nikaanza kuinuka nikupokee. Ukaninyooshea kidole, ukaniambia, 'Baki hapo hapo! Ukisogea tu, umekwisha.'"

Niliikumbuka siku ile. Ilikuwa sentensi yangu ya kwanza ya Kiswahili. Nilikuwa nimeitoa kwenye kitabu nilichopewa safarini, nikaikariri njia nzima ndani ya lori, midomo inacheza, najivunia.

"Ulikuwa unahangaika kuinuka," nikamwambia. "Miguu yako ilikuwa imevimba. Nilitaka usijisumbue, mama. Nilitaka uendelee kukaa."

Aliniangalia juu ya mtoto aliyelala.

"Basi ungesema hivyo," akasema, na akaanza kulia.