Moshi Mweupe Asubuhi ya Kuondoka

Umande ulikuwa haujakauka juu ya mabati ya gereji, na mtaa mzima ulikuwa kimya kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Fundi alisimama nyuma ya gari la shemeji yake. Watu walimwita Pua, kwa jinsi alivyonusa ubovu wa injini. Siku hiyo dada yake mkubwa, aliyeishi naye chumba kimoja tangu afiwe na mume, alikuwa anaondoka na mume mpya, huyo mwenye gari.

"Liwashe, shemeji."

Injini ilikohoa, ikashika. Moshi mweupe ukamwagika kutoka bomba la ekzosi, mzito, hauna haraka. Ukatambaa juu ya masanduku ya safari, ukampanda dada kiunoni, mabegani, mpaka dada akawa hayupo. Ikabaki sauti yake tu.

"Jamani, mbona kimya?"

Pua alikuwa kama anayeota. Alitamani moshi ule ukae hapo hapo, na dada ndani yake. Kisha akavuta pumzi. Mvuke wa baridi ya asubuhi hauna harufu, tena hukatika injini ikipata moto. Huu ulikuwa na harufu tamu ya dawa ya rejeta, ile ya kupoza injini, na haukukatika.

"Zima! Maji yanaingia kwenye silinda. Gasketi inayoyazuia imekufa. Mkifika mlimani litawachemkia."

Moshi ukamwachia dada taratibu, uso kwanza. "Juzi ulisema mvua. Jana tairi. Leo gasketi. Mdogo wangu, si useme tu hutaki niende?"

Pua aliyatazama magurudumu. Kweli, lile tairi lilikuwa zima kabisa.

"Sitaki uende," alisema. "Na gasketi imekufa. Yote mawili."

Shemeji alikuna kichwa. "Kumbe kuoa ni kazi. Haya, nishike spana ipi?"

Stoo kulikuwa na gasketi ya gari kama lile, na hakuna aliyejua ila Pua. Angeweza kusema inaagizwa, itachukua wiki. Alisimama gizani ameishika, nyepesi kama jani. Halafu akatoka nayo.

Walifungua injini mchana kutwa. Dada alishika sinia la bolti, wakacheka habari za utotoni, na jua likapita juu yao bila kuaga. Giza lilipoingia gasketi mpya ilikuwa imekaa, na gari likalala hapo hapo.

Kesho yake likawaka kwa mvuke mwembamba uliopotea kabla hujaunyooshea kidole. Dada alimkumbatia Pua hivyo hivyo na grisi yake, akapanda.

Jioni simu ikalia.

"Tumefika salama."

"Chumba kina dirisha?"

"Lipo, kubwa."

"Unaona nini?"

Dada akaanza kumweleza, pole pole, na Pua akajilaza kitandani, akafumba macho ili aone vizuri.