Beberu wa Emmett Vosburgh

Emmett Vosburgh alikuwa na kinyongo cha miaka minane, na kinyongo hicho kilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye mlango wa kioo: Dolf Lindqvist, Mwongozaji. Kila asubuhi alipita mbele ya mlango ule kwenda kwenye meza yake ya kuchorea. Angeweza kuzunguka kwa nyuma, kule kwa akina dada wa kupaka rangi, lakini hakuzunguka hata siku moja. Mtu mwenye wivu hakikwepi kinachomuuma, hukiendea kuhakikisha kama bado kipo.

Na kilichomuuma kilikuwa na sababu. Dolf alipoingia studio ya Pruitt hapo Los Angeles hakujua kuchora hata goti la sungura likakunjika. Emmett ndiye aliyemshika mkono. Alimfundisha uzito wa mwili, alimfundisha kwamba kabla mhusika hajaruka lazima kwanza ajikunje, alimgawia hata mkate wake wa nyama mchana. Bosi Pruitt alipotaka mwongozaji mpya, jengo zima lilimtazama Emmett, naye siku hiyo alikuja na tai mpya. Kiti akapewa Dolf. Tangu hapo mwanafunzi akawa anamwandikia mwalimu wake cha kuchora.

"Unamtaja Dolf hata ukila mayai," mkewe, Lorna, alimwambia asubuhi moja. "Mimi siku hizi hunitaji."

"Simtaji. Nasema tu kwamba gari lake jipya lina rangi mbaya."

"Jana ulisema viatu. Juzi ulisema anavyocheka. Emmett, mpenzi wangu, roho yako itapasuka."

"Nikipewa kiti itapona."

Basi hilo ndilo alilokuwa akilitaka: kiti cha mwongozaji, na mlango wenye jina lake. Uvumi ulikuwa umeanza kwamba Pruitt atafungua chumba cha tatu cha waongozaji. Emmett alipiga hesabu zake akaona kwamba njia ya karibu ni Dolf aanguke. Filamu mbili tatu zidode, bosi agutuke na kujiuliza alimwacha nani.

Nafasi ikaja yenyewe, ikabisha hodi. Dolf alikuwa anatengeneza katuni ya maonyesho ya wakulima: nguruwe mnene anaogeshwa kwenye beseni na mama mwenye shamba, anabembelezwa, analishwa pai ya tufaha, huku beberu mzee aitwaye Cletus akitazama kutoka nyuma ya uzio. Beberu anatazama kidogo, kisha anavamia kwa pembe zake, beseni linaruka hadi kwenye paa. Kipande cha beberu alipewa Emmett.

Katika kazi ile ya picha ishirini na nne kwa sekunde, mwongozaji ndiye anayeandika kwenye karatasi ya muda kila tendo lichukue picha ngapi. Mchoraji hufuata, halafu mwongozaji hukagua michoro ya penseli kabla haijapelekwa kwenye rangi. Dolf alikagua ya kila mtu, isipokuwa ya mmoja.

"Ya Emmett siikagui," alisema mbele ya watu, akitia sahihi bila kufunua. "Nani amkague aliyenifundisha?"

Wengine waliona ni heshima. Emmett aliona ni dharau. Alisema moyoni: huyu sasa hana hata muda wa kunitazama. Ndipo akachukua karatasi ya muda, na pale Dolf alipoandika beberu atazame nusu sekunde, akafuta akaandika sekunde nne.

Asiyeifahamu kazi ile ataona si kitu. Lakini kila mchoraji wa zama zile alifundishwa jambo hilo kabla ya yote: mhusika wa katuni akisimama tuli, amekufa. Watu ukumbini hukohoa, hutafuta karanga mifukoni, na kichekesho kinachofuata humkuta mtazamaji ameshaondoka kimawazo. Sekunde nne za beberu asiyetikisika zilikuwa jeneza.

Ilibaki kuchora uso. Kila meza pale ilikuwa na kioo kidogo. Wachoraji walikunja nyuso, wakatoa ndimi, wakanakili walichokiona, hata mgeni akiingia alidhani ni hospitali ya vichaa. Emmett alitaka uso mtupu, uso wa ubao. Aliinua penseli akajitazama. Wakati huohuo mlango wa Dolf ukafunguka, na kicheko cha Pruitt kikatoka, na cha Dolf kikafuata, wakapita ukumbini wameshikana mabega. Emmett hakugeuka. Aliendelea kutazama kioo na kuchora, mchoro mmoja tu wa kupigwa picha mara nyingi, na kope moja inayoshuka kidogo mwishoni. Alimaliza upesi kuliko kawaida yake, akaupeleka, wala hakuutazama mara ya pili. Mpiga muziki naye akafuata karatasi. Alipoona kimya kirefu, aliacha sauti moja nyembamba ya fidla.

Katuni ilijaribiwa katika jumba la sinema huko Glendale, siku ya Jumamosi mchana, mbele ya watu waliokuja kutazama filamu nyingine. Watu wa studio walikaa nyuma. Emmett aliketi karibu na Gus Petrakis, mchoraji mwenzake ambaye kazi yake katika filamu ile ilikuwa ndoo na nusu ya mlango. Lakini desturi ya Pruitt ilikuwa jina la mchoraji mmoja tu kwa kila filamu, kwa zamu, na zamu ilikuwa ya Gus.

"Nimeonekana mkubwa, sivyo?" Gus alinong'ona majina yalipopita.

"Umependeza. Ndoo itafurahi."

Nguruwe akaingia kwenye beseni, akalambishwa pai. Watoto walicheka kidogo. Kisha beberu akatokea nyuma ya uzio, akatulia.

Ukumbi ukanyamaza. Emmett alisikia kimya kile kikitanda, akakifurahia. Moyoni alisema: haya, Dolf, ndiyo leo. Beberu alikuwa angali anatazama. Mwanamke mmoja safu za mbele akaguna. Halafu mume wake akacheka, na aliyekuwa nyuma yake akacheka kwa ajili ya kicheko cha yule. Beberu hakutikisika. Lile jicho lilikuwa juu ya pai, juu ya sabuni, juu ya mkono wa yule mama ukimkuna nguruwe nyuma ya sikio, na halikuomba huruma ya mtu. Kufikia kope ile kushuka, ukumbi mzima ulikuwa unalia kwa kicheko, na beseni liliporuka hakuna aliyesikia mlio wake.

Gus alimgeukia Emmett taratibu. "Bwana wewe," alisema. "Yule mbuzi ni wewe. Ni wewe ukipita pale mlangoni asubuhi!"

Emmett alihisi masikio yanawaka moto. Safu mbili mbele Dolf alikuwa amegeuka kwenye kiti chake, anamtafuta kwa macho gizani.

Nje, kwenye sehemu ya kununulia bisi, Pruitt alimkumbatia Dolf mpaka kofia ikaanguka. "Ule utazamaji! Nani mwingine angethubutu? Wewe ni jini!"

"Si mimi, Bosi," Dolf alisema. "Mimi niliandika nusu sekunde. Ni Emmett."

"Sikia huyu! Mnyenyekevu tena!" Pruitt alicheka, akaenda kumpigia simu mtu.

Wakabaki wawili. Dolf alimgeukia mwalimu wake. "Ulijua watacheka?"

Angesema nini? Kusema hapana ni kukiri alitaka kumzika. "Nilijua," Emmett alisema.

"Mimi nisingejua kamwe," Dolf alisema, na alimaanisha, na Emmett alimchukia kwa hilo kuliko kwa yote yaliyotangulia.

Cletus akawa nyota. Barua zilikuja kwa magunia, watoto wakanunua pembe za karatasi, magazeti yakamsifu Lindqvist kwa ujasiri wa kimya. Emmett alimchora Cletus katika filamu ya pili, ya tatu, ya nne, na kila mara alipochora jicho lile alijisikia vizuri kwa namna ambayo hangeweza kumweleza Lorna.

Ndipo Pruitt akamwita ofisini.

"Chumba cha tatu ni chako," alisema. "Dolf amenisumbua mwaka mzima, Emmett, Emmett, Emmett. Mlango wako utaandikwa Ijumaa. Ila beberu anabaki kwa Dolf. Atachorwa na yule mchoraji kijana, Wendell Amsler."

"Wendell?"

"Ameshajaribu. Karatasi zake ziko pale mezani, chukua utazame."

Emmett alizichukua, akaegemea dirisha. Alizipitisha kwa kidole gumba, kama wafanyavyo wachoraji, beberu akainuka na kutazama. Alitafuta kosa. Ndevu zilikuwa sawa. Shingo ilikuwa na uzito wake. Kope ilishuka mahali pake hasa. Akazipitisha tena, na wivu uliomjia ulikuwa mkubwa kuliko ule wa Dolf, kwa kuwa Dolf alichukua kiti tu, na huyu alikuwa amelichukua jicho lake.

"Sikitaki," alisema.

"Hutaki nini?"

"Kiti. Niachie beberu."

Pruitt alitoa sigara mdomoni. "Umelewa? Saa nne hii?"

"Niachie beberu, Bosi."

Ijumaa fundi alikuja na rangi ya dhahabu, akaandika kwenye mlango wa tatu: Wendell Amsler, Mwongozaji. Wendell aligawa keki kwa jengo zima, na kipande kikubwa alikileta mwenyewe mezani kwa Emmett.

"Kula, mzee. Bila wewe nisingekipata kiti."

Emmett alikila chote. Lorna alipoambiwa nyumbani alikaa kwenye ngazi bila kuvua aproni, akasema, "Miaka yote hii, Emmett?" kisha akainuka kwenda kupakua chakula cha usiku.

Jumatatu Dolf alivuta kigoda akaketi kando ya meza yake. Hakuwa na hasira, ila alionekana mtu aliyevunjwa moyo.

"Nilikuombea kile kiti," alisema. "Niambie basi. Uliogopa Wendell atamharibu?"

Emmett alichonga penseli. Kule mwisho wa ukumbi watu walikuwa wanaingia na kutoka mlango wa tatu, wanampongeza Wendell.

"Hapana," alisema. "Angemchora vizuri."